Apolo Kivebulaya: alitolewa Boga na minyororo, akarudi na Injili

Ukifika Boga, kusini ya teritware ya Irumu katika jimbo la Ituri, kuna jina moja ambalo wazee na watoto wanalijua: Apolo Kivebulaya. Kaburi yake iko kule. Amekufa miaka zaidi ya 90 sasa, lakini kila tarehe 30 Mei Waanglikana wanamukumbuka. Wengi wanamujua kama mtu aliyeleta kanisa. Kile ambacho hakisemwi sana ni kwamba kazi yake ya kwanza pale Boga ilifika mahali ambapo ilionekana imekufa kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa amevunjika moyo.

Askari wa Buganda

Apolo hakuzaliwa Kongo. Alizaliwa Buganda, karibu mwaka wa 1864, na jina lake la utoto lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda wanamupa mutoto wa kiume wa mapacha. Katika ujana wake Buganda ilikuwa inatikisika. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana juu ya ufalme, na vijana wengi walishika silaha. Waswa naye alikuwa kati yao. Alifundishwa dini ya Kiislamu kwanza, akafuata majeshi, akajua vita ni nini.

Kidogo kidogo mafundisho ya Wakristo yalimuingia. Alijifunza kusoma, na Januari 1895 alibatizwa, akapewa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya lilikuja kwa njia ya kuchekesha: alikuwa na koti nyekundu ya jeshi ambayo alipenda kuivaa juu ya kanzu, na watu wakamuita kitu kilichotoka Ulaya. Jina likabaki.

Mwaka uleule wa ubatizo alitumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Alikuwa na muchumba, lakini yule binti alikufa mbele ya ndoa. Apolo hakuoa tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Jembe mukononi

Kutoka Toro, ukivuka milima na muto Semliki, unafika Boga, au Mboga kama ilivyoitwa wakati ule. Chifu alikuwa Tabaro. Walimu wawili walikuwa wametangulia kufika kule, lakini walishindwa juu ya njaa. Watu hawakutaka kuwapa chakula, na walimu wakarudi.

Apolo alikubali kwenda pahali ambapo wenzake walishindwa. Ilikuwa mwaka wa 1896. Inasimuliwa kwamba alibeba jembe, ili kama watu wanamunyima chakula, alime yeye mwenyewe. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha namna alivyoelewa kumutegemea Mungu. Kwake kuomba hakukumaanisha kukaa na kungojea. Aliomba, akalima, akafundisha kusoma, akajenga nyumba ya sala kwa miti na majani.

Mwanzoni Tabaro alimupokea. Halafu mafundisho yakagusa mambo ya ndani: ulevi, wake wengi, nguvu za waganga na mizimu. Hapo urafiki uliisha. Chifu alikataza watu kumusaidia. Apolo alipigwa vikali, na nyumba ikachomwa. Waumini wachache waliokuwa wameanza kusoma nao waliteswa.

Mtu huyu alikuwa amekuwa askari. Alijua mukuki na bunduki. Angeweza kutafuta watu wa kumulipizia kisasi, hasa kwa sababu Toro ilikuwa na mufalme Mkristo, Kasagama, na Wangereza walikuwa na nguvu kule. Lakini hakuchukua njia hiyo. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso, anafundisha kwamba vita ya Mkristo si ya kupigana na watu, na kwamba silaha zake zinatoka kwa Mungu. Kwa Apolo fundisho hilo halikuwa la kusoma tu siku ya Mungu. Ilikuwa lazima aliishi kila asubuhi, akipita mbele ya watu waliomupiga jana yake.

Mukuki katika majani

Mwaka wa 1898 likatokea jambo baya zaidi. Wakati wa kazi ya kujenga, mukuki wa Apolo ulikuwa katika majani ya kujengea. Dada wa chifu aliangukia ule mukuki, akakufa. Ilikuwa aksida, lakini kwa maadui wa Apolo ilikuwa nafasi. Walimushitaki kwamba ameua.

Apolo alifungwa minyororo, akapelekwa Toro mbele ya wakubwa wa serikali, akatiwa gerezani. Tufikirie hali yake. Hakuwa na muke wala mutoto. Kazi ya miaka miwili ilikuwa imebaki majivu. Watu ambao alikwenda kuwasaidia ndio walimuita muuaji. Na mwanamuke alikuwa amekufa kweli, kwa mukuki ambao ulikuwa wake. Hata kama mtu hana kosa, jambo kama hilo linalala naye usiku.

Hapo ndipo maisha yake yaligeuka. Kama alivyosimulia yeye mwenyewe baadaye, Yesu alimutokea usiku akiangaza kama jua, akamutia moyo na kumuhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Apolo alisema kwamba tangu wakati huo, alipohubiri, watu waliacha upesi desturi zao za zamani na kutubu.

Mtu anaweza kuamini maono hayo au kuyatilia mashaka. Lakini matokeo yake yanaonekana katika historia. Apolo aliachiliwa. Angeweza kurudi Buganda kwa ndugu zake, na hakuna mtu angemulaumu. Yeye alirudi palepale Boga, kwa chifu yuleyule.

Tabaro alishangaa kumuona. Alikuwa amemupiga, amemuchomea, amemufungisha, na bado mtu huyu anarudi bila silaha na bila maneno ya kisasi. Chifu akaanza kuuliza ni nguvu gani iko ndani ya mwalimu huyu. Mwishowe alikuja kuomba afundishwe, akabatizwa, akachukua jina la Paulo, jina la yule mtume ambaye naye alikuwa amewatesa Wakristo mbele ya kuongoka.

Kuelekea musitu

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na mchungaji mwaka wa 1903. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro. Wakati huohuo Wangereza na Wabeljiki waligawanya mipaka, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabeljiki. Waumini wa Boga wakajikuta wamekatwa na kanisa lao la Uganda. Wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia, Apolo, ambaye hakuwa kijana tena, aliacha Toro akarudi kuishi kwao. Hakuhama tena.

Alikuwa bado na deni moja moyoni: watu wa musituni, Bambuti. Wakati ule majirani wengi waliwadharau, hata wengine hawakuwahesabu kama watu kamili. Tangu mwaka wa 1921 Apolo aliingia katika musitu wa Ituri kuwatafuta. Alikaa nao, akala nao, akajifunza lugha yao, akafanya kazi ya kuweka Injili ya Marko katika lugha hiyo. Kwa mtu aliyefika umri wa miaka karibu 60, haikuwa muchezo. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lakini heshima hiyo haikumurudisha mujini. Aliendelea kuishi maisha ya kawaida Boga.

Mwaka wa 1933 mwili ulichoka na ugonjwa. Alitaka afie kati ya watu wake wa Boga, na alikufa pale tarehe 30 Mei. Aliacha neno moja juu ya maziko yake: kichwa chake kielekee magharibi, upande wa musitu, ijapokuwa desturi haikuwa hivyo. Alitaka watu wajue kwamba kazi upande ule haijaisha.

Kile kilichobaki

Dayosisi ya kwanza ya Waanglikana katika inchi yetu iliundwa mwaka wa 1972, na ilichukua jina la Boga. Mwaka wa 1992 kanisa likawa provensi yenye kujitegemea. Yote yanarudi kwa mwalimu yule mwenye jembe.

Boga yenyewe haijapata raha. Miaka hii watu wake wamejua mashambulizi, vifo na ukimbizi, kama sehemu nyingi za Ituri na Kivu. Wengi wamekimbia wakaacha mashamba na makanisa, wengine wamerudi wakakuta majivu, na wengine wanaishi karibu na watu waliowakosea.

Maisha ya Apolo hayasemi kwamba imani inaondoa mateso. Alipigwa akiwa anaomba, na alifungwa akiwa hana kosa. Hakuficha kwamba nguvu zake zilimuishia gerezani, na kwamba zile alizorudi nazo Boga hazikuwa zake. Kwa nguvu hizo alimusamehe Tabaro, akakaa pamoja naye, na adui wake wa kwanza akawa ndugu katika kanisa moja.