George Eastman na Filamu ya Picha

Katika nyumba nyingi za Ufipa utaona picha ya zamani imetundikwa ukutani. Ni picha nyeusi na nyeupe. Pengine ni ya babu alipokuwa kijana, amevaa koti na kusimama wima mbele ya pazia. Siku ile nuru ilimwangukia babu usoni, ikaingia ndani ya kamera, ikaacha alama ambayo haijafutika hadi leo. Kazi hiyo iliwezaje kufika Sumbawanga, na hata katika vijiji vya bondeni kama Kaoze, ambako hapakuwa na mtaalamu wa kemia? Watu wengi walishiriki katika jambo hilo. Ajulikanaye zaidi miongoni mwao ni George Eastman wa Marekani.

Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 huko Waterville, katika jimbo la New York. Baba yake alifariki mwaka 1862, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka 7 tu. Mama yake aliilisha familia kwa kupokea wapangaji katika nyumba yao mjini Rochester. Dada yake mmoja alikuwa amepooza. Kwa sababu ya umaskini Eastman aliacha shule mapema, akawa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Baadaye alipata kazi ya ukarani katika benki.

Mwaka 1877 alinunua kamera kwa ajili ya safari aliyokuwa akiifikiria. Safari hiyo hakuifanya, lakini kamera ilimshika akili. Mpiga picha wa siku zile alibeba mizigo kama mchukuzi: kamera kubwa, miguu yake mitatu, vioo, chupa za dawa, chombo cha maji na hema jeusi. Ndani ya hema alipaka dawa juu ya kioo. Alipaswa kupiga picha kabla dawa haijakauka, kisha arudi mbio hemani kuisafisha. Eastman alijiuliza kwa nini dawa isiweze kutumika ikiwa kavu.

Hebu kwanza tuelewe dawa hiyo. Madini ya fedha yakiungana na vitu vingine hufanya chumvi. Chumvi za fedha si za kula. Kazi yake ni nyingine. Zikiguswa na nuru huanza kubadilika, na zikisafishwa kwa dawa maalumu, zile zilizoguswa hugeuka kuwa fedha tupu, chembe ndogo sana zenye rangi nyeusi. Mahali palipopata nuru nyingi huwa peusi kabisa. Mahali pasipopata nuru hubaki peupe. Picha ya namna hiyo ni ya kinyume, na ikichapwa tena juu ya karatasi hugeuka kuwa sawa. Wazee wa Ufipa walijua jambo linalofanana na hilo. Walijenga tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, wakatia humo mawe yenye chuma pamoja na makaa, na moto ukakitenganisha chuma na mawe. Huko Ufipa chuma kilitolewa kwa moto. Katika filamu, nuru huanza kazi ya kuitoa fedha, na dawa huimaliza.

Lakini chumvi ya fedha haishiki juu ya kioo peke yake. Inahitaji kitu cha kuigandisha, nacho ni gelatini. Gelatini hupatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za ng'ombe. Wewe mwenyewe unaifahamu: supu ya kongoro ikiachwa ipoe usiku, asubuhi utaikuta imeganda na kutikisika. Kinachoigandisha ni gelatini. Eastman alisoma katika magazeti ya Uingereza kwamba vioo vilivyopakwa chumvi ya fedha ndani ya gelatini vilifanya kazi vikiwa vikavu. Mchana alifanya kazi benki. Usiku alipika michanganyiko yake katika jiko la mama yake, na mara nyingine alilala palepale karibu na moto, bila kuvua nguo. Mwaka 1879 alipata hataza ya mashine ya kupaka vioo, na mwaka 1881 alianzisha kampuni pamoja na Henry Strong, ambaye alikuwa mpangaji katika nyumba ya mama yake.

Biashara ilianza vizuri. Kisha, mwaka 1882, barua za malalamiko zikaanza kufika. Vioo vya Eastman havikutoa picha tena. Wateja walipovisafisha havikuonyesha kitu. Eastman aliamua jambo la gharama kubwa. Alisimamisha kiwanda, akavipokea vioo vibovu na kuahidi kuwapa wateja vizuri badala yake, ingawa hakujua bado namna ya kuvitengeneza vizuri. Usiku na mchana alijaribu mchanganyiko huu na ule, mara mamia, na kila mara alishindwa. Mwishowe alipanda meli hadi Uingereza, akaenda mji wa Newcastle kujifunza katika kiwanda kilichosifika kwa vioo vyake. Hapo akatambua kwamba kosa halikuwa katika ufundi wake. Gelatini aliyouziwa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Tangu siku hiyo hakutumia gelatini yoyote kabla ya kuijaribu kidogo kwanza.

Kwa nini gelatini moja ifae na nyingine isifae, wakati zote zimetoka kwa ng'ombe? Miaka ya 1920 mkemia Samuel Sheppard, aliyefanya kazi katika maabara ya Eastman, alipata jibu. Gelatini nzuri ilikuwa na viini kidogo sana vya salfa, na viini hivyo vilitokana na mimea kama haradali ambayo ng'ombe walikula malishoni. Nani angefikiri kwamba picha hutegemea chakula cha ng'ombe!

Kioo ni kizito, tena huvunjika. Kwa hiyo Eastman alitafuta kitu chepesi cha kuviringisha. Alianza na karatasi. Mwaka 1888 alitoa kamera ndogo iliyoitwa Kodak, jina alilolibuni mwenyewe na lisilo na maana yoyote. Iliuzwa dola 25, nayo ilikuwa na mkanda wa picha 100. Mkanda ukiisha, mwenye kamera aliituma yote kiwandani, akarudishiwa picha zake pamoja na kamera yenye mkanda mpya. Mwaka 1889, kwa kazi ya mkemia Henry Reichenbach, kampuni ilianza kuuza filamu inayopenya nuru. Ni haki kusema kwamba kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hataza ya filamu ya namna hiyo tangu mwaka 1887. Kesi ilikuwa ndefu. Mwaka 1914 kampuni ya Eastman ililipa dola milioni 5, lakini Goodwin mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1900. Mwaka huohuo wa 1900 ilitoka kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja, hata watoto wakapiga picha.

Filamu ina adui zake, nao ni joto na unyevu. Filamu iliyohifadhiwa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wenye baridi, hudumu kuliko ile iliyowekwa karibu na Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ambako jua ni kali. Filamu iliyopatwa na joto kwa muda mrefu hutoa picha yenye ukungu.

Eastman alifika Afrika Mashariki mwaka 1926, alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Huko Kenya alikutana na Martin Johnson na mkewe Osa, waliokuwa wakipiga sinema za wanyama. Yeye naye alipiga sinema, akawinda, kama walivyofanya wageni wengi matajiri wa wakati ule, na safarini alipenda kujipikia mwenyewe. Mali yake nyingi aliigawa kwa vyuo, shule ya muziki na zahanati za meno za watoto. Alifariki tarehe 14 Machi 1932 mjini Rochester.

Kampuni yake iliendelea kukua. Mwaka 1982 watu zaidi ya 60,000 waliifanyia kazi mjini Rochester peke yake. Lakini mwaka 1975, ndani ya kampuni hiyohiyo, mhandisi Steven Sasson alikuwa ameunda kamera isiyohitaji filamu. Nuru iligeuzwa kuwa umeme, bila fedha wala gelatini. Kampuni haikuharakisha kuiuza, kwa maana faida yake ilitoka katika filamu. Wengine walifanya hivyo, na baadaye kamera zikaingia ndani ya simu. Studio zikaacha kununua filamu, majengo ya kiwanda yakabomolewa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Januari 2012 kampuni iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake.

Haikufa. Iliuza mali nyingi, ikatoka mahakamani Septemba 2013 ikiwa ndogo sana. Watengenezaji wa sinema walikubali kuendelea kununua filamu yake, na vijana waliozoea simu wakaanza kutafuta kamera za zamani. Filamu ya rangi iitwayo Ektachrome, iliyokuwa imeachwa, ilirudi madukani mwaka 2018, na kiwanda kikaajiri tena mafundi. Huko Rochester bado hupaka chumvi ya fedha na gelatini juu ya mikanda mipana. Kazi hiyo hufanywa gizani, kwa sababu nuru kidogo tu ingeuharibu mkanda wote, na wafanyakazi hutembea humo kwa kukumbuka njia.