LOUIS PASTEUR, HAMIRA NA MAISHA BILA HEWA

Wadau, leo nawaletea mzee mmoja wa Ufaransa. Wale mliotoka kidato cha nne na alama za kubahatisha, someni hadi mwisho.

Louis Pasteur alizaliwa Dole mwaka 1822, baba yake akiwa fundi wa kutengeneza ngozi. Mwaka 1842 alifanya mtihani wa sayansi, kemia akapewa alama hafifu! Mwaka huohuo alipata nafasi chuo cha École Normale, Paris, lakini namba aliyoshika haikumridhisha. Akarudi kusoma, akaingia 1843.

Mwaka 1856 alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille. Baba wa mwanafunzi wake alikuwa na kiwanda cha spiriti ya viazisukari, na mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Pasteur akachukua hadubini. Kwenye mapipa mazima aliona hamira, vitu vya mviringo. Kwenye mabovu aliona vijidudu vingine, vyembamba.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Bingwa wa kemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, alishikilia kwamba sukari inageuka pombe kwa sababu ya vitu vinavyooza. Waliotangulia kusema hamira ni kiumbe hai walichekwa. Pasteur akaweka hamira kidogo kwenye maji yenye sukari, chumvi ya amonia na majivu ya hamira. Hakuna cha kuoza humo, lakini hamira ikazaliana na pombe ikatoka.

Mwaka 1861 akaonyesha jambo lililonifurahisha zaidi. Hamira ikipata hewa ya kutosha inazaliana sana, na sukari inayotumia ni kidogo. Ukiinyima hewa haifi, inabadili maisha: inabugia sukari nyingi, inatoa pombe na gesi, inaongezeka polepole. Sababu ni kwamba bila oksijeni sukari inaipa nguvu kidogo mno, kwa hiyo lazima ile nyingi.

Inajuaje kama hewa imekwisha? Siku hizi inafahamika kwamba seli yake ina kemikali iitwayo himu, ambayo haitengenezwi bila oksijeni. Himu ikipungua, jeni nyingine zinazimwa na nyingine zinawashwa. Kiumbe hakina ubongo, jamani!

Mwaka 1868 Pasteur alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Hakuacha kazi. Mwaka 1876 alitoa kitabu kizima kuhusu bia, na 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ikaanza kutumika kwa watu. Alifariki 1895.

Miaka 2 baadaye Eduard Buchner alionyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa kwenye hamira iliyosagwa yanageuza sukari kuwa pombe. Kwa hiyo Liebig naye hakukosea kila kitu.

Mimi nasema hivi: ile alama ya 1842 ilipima siku moja tu. Nyie wadau mnasemaje? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.