Melitta Bentz: Mama wa Dresden aliyeanza biashara na pfennig 73

Mtu anayeingia dukani kutafuta mashine ya kahawa ya nyumbani hukuta aina nyingi hadi anachanganyikiwa. Kuna za umeme zinazodondosha maji ya moto juu ya unga wa kahawa, kuna birika ndogo za Kiitalia za kuweka jikoni, kuna za presha, na kuna zile za vidonge ambazo bei ya kidonge kimoja humshangaza aliyezoea kununua kahawa kwa kilo. Muuzaji atasifia taa na vitufe, lakini ni nadra akutajie karatasi. Hata hivyo katika mashine ya kudondosha, karatasi ndiyo inayotenganisha kahawa na machicha, na anayetajwa kuwa chanzo cha karatasi hiyo ni mwanamke wa Ujerumani aliyeitwa Melitta Bentz. Leo tunayaangalia maisha yake kwa kuwa ni maisha ya mfanyabiashara hasa. Alianza bila mtaji wa maana, akaigwa na wengine, na mara mbili vita vikamkatia bidhaa.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1873 katika mji wa Dresden, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amalie Auguste Melitta Liebscher. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya vitabu. Aliolewa na Hugo Bentz, aliyekuwa akifanya kazi katika duka kubwa mjini humo, na walijaliwa wavulana wawili, Willy na Horst, na baadaye binti, Herta. Kwa kifupi, alikuwa mama wa nyumbani wa kawaida aliyependa kahawa nzuri.

Tatizo lilikuwa namna ya kuipata. Wakati huo huko Ujerumani wengi walimwagia unga maji ya moto na kusubiri utuame, au walitumia birika linalochemsha kahawa na kuizungusha tena na tena juu ya unga uleule. Kahawa inayochemka hivyo hutoa uchungu wote uliomo. Wengine walichuja kwa kitambaa, lakini kitambaa kina kazi ya kukiosha kila siku, na kisipokauka vizuri hunuka. Watu wa pwani yetu wana njia yao ya dele, ambapo kahawa huchemshwa, machicha yakatulia chini, na muuzaji akamimina kwa ustadi. Ladha hiyo ina wapenzi wake na hatuna ugomvi nayo. Lakini Melitta hakutaka uchungu huo wala machicha mdomoni.

Mwaka 1908, akiwa na miaka 35, alichukua chombo cha shaba nyeupe, akakitoboa matundu chini kwa msumari, kisha akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la shule la mwanawe Willy na kuitandika ndani. Juu yake akaweka unga, akamimina maji ya moto. Kilichodondoka chini kilikuwa kahawa safi isiyo na machicha, na isiyo chungu sana kwa sababu maji yalipita juu ya unga mara moja tu. Baada ya hapo karatasi ilitupwa pamoja na machicha yake, na hapakuwa na cha kuosha.

Wengi wangeishia hapo na kuwaonyesha majirani. Melitta alikwenda mbali zaidi. Juni 1908 ofisi ya hataza ya dola ya Ujerumani iliandikisha kifaa chake ili kisiigwe, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo kampuni yenye jina la M. Bentz iliingizwa katika daftari la biashara la Dresden. Mtaji uliotajwa ulikuwa pfennig 73, yaani haukufika hata mark moja, kwa kuwa mark moja ilikuwa pfennig 100. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha nyumba yao.

Usambazaji nao ulikuwa wa kifamilia. Hugo alisaidia kuuza, na watoto walipeleka mizigo kwa wateja kwa mkokoteni. Mwaka 1909 walipeleka bidhaa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, yaliyokuwa maarufu Ulaya nzima, na wakauza vichujio takriban 1,200. Kwa biashara ya chumba kimoja hiyo ilikuwa oda ya kutisha.

Katika miaka hiyohiyo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na kahawa ilikuwa imekwisha kupandwa Usambara na Kilimanjaro. Lakini iliyojaza vikombe vya Dresden ilitoka zaidi Brazili na Amerika ya Kati, ikishushwa bandari ya Hamburg. Njia hiyo ndefu ya baharini ndiyo iliyoiponza biashara ya Melitta.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliizuia Ujerumani baharini na kahawa ikawa haipatikani. Madini yalichukuliwa kwa ajili ya jeshi, karatasi ikawa ya mgawo, na Hugo akaandikishwa jeshini. Hebu fikiria kichujio cha kahawa ambacho hakina chuma, hakina karatasi, na wateja wake hawana kahawa! Melitta alijikimu kwa kuuza maboksi ya karatasi ngumu hadi vita vikaisha. Msafirishaji aliyewahi kukaa mpakani wiki nzima na mzigo hahitaji kuelezwa zaidi.

Amani iliporudi biashara ilikua haraka, na tatizo lililofuata lilikuwa waigaji. Vichujio vya kufanana vilijaa sokoni, na mwaka 1925 kampuni ilianza kutumia pakiti za rangi nyekundu na kijani ili mteja aitambue bidhaa halisi kwa mbali. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 wafanyakazi walikuwa wapatao 80 na walifanya kazi kwa zamu mbili. Dresden ikawa haina nafasi ya kuwatosha. Mwaka 1929 walihamia Minden, magharibi ya nchi, katika kiwanda cha zamani cha chokoleti. Minden ni mji unaovutia kwa mtu wa usafirishaji: reli kuu inapita hapo, na mfereji mkubwa wa meli unavuka juu ya mto Weser kwa daraja la maji lililojengwa mwaka 1914.

Miaka ya 1930 ndipo kichujio kilipopata umbo la pia tunalolijua leo, na mwaka 1937 ikaja karatasi yenye umbo la mfuko. Kwa maoni yetu hapa ndipo ulipokuwa utajiri wenyewe. Chombo mteja hununua mara moja kwa miaka kadhaa, lakini karatasi humalizika, na ikimalizika lazima arudi dukani.

Melitta alikuwa amewakabidhi wanawe sehemu kubwa ya kampuni mwaka 1932, lakini hakukaa pembeni. Yeye anakumbukwa kwa kuwapa wafanyakazi bahasha ya Krismasi, kuongeza likizo yao kutoka siku 6 hadi 15 kwa mwaka, na kupunguza wiki ya kazi iwe ya siku tano. Upande mwingine wa historia hiyo si wa kujivunia. Chini ya Horst kampuni ilikuwa karibu na utawala wa Nazi, na katika Vita Kuu ya Pili ilizalisha mahitaji ya vita huku vichujio vikisimama. Vita vilipokwisha majeshi ya washindi yaliuchukua mjengo wa kiwanda. Karatasi zilianza kutengenezwa tena mwaka 1948. Melitta alifariki tarehe 29 Juni 1950 karibu na Minden akiwa na miaka 77. Kampuni bado ni mali ya ukoo wake, na makao yake makuu bado yako Minden.

Hakuiona mashine ya umeme ya kudondosha. Ile ya kwanza, Wigomat, ilipata hataza Ujerumani mwaka 1954, ni kazi ya Gottlob Widmann. Ukiifungua mashine yoyote ya aina hiyo utakuta ni kichujio cha Melitta kilichoongezewa jiko la kuchemshia maji. Ndiyo maana anayechagua mashine ya nyumbani afadhali aulize mambo machache kabla ya kutazama vitufe. Je, maji yanafika joto la nyuzi 92 hadi 96? Yakiwa baridi zaidi kahawa huwa nyepesi na chachu. Je, kikapu ni cha umbo la pia au cha kitako bapa? Karatasi za aina hizo haziingiliani. Kwa umbo la pia, namba 1x2 ni ya vikombe vichache na 1x4 ni ya mashine nyingi za familia. Wavu wa chuma unaokuja na baadhi ya mashine huokoa fedha ya karatasi, ila hupitisha mafuta na vumbi laini la kahawa. Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Na tusiidai karatasi miujiza: robusta ya Bukoba au ya Uganda itabaki na ukali wake, kwa kuwa karatasi huzuia machicha, haibadilishi buni.

Kwa anayefikiria kuingiza karatasi hizi, katoni zake ni nyepesi lakini hujaza nafasi ya gari, hivyo hesabu ya nauli ifanywe kwa ukubwa wa mzigo na si kwa uzito. Tena karatasi hunyonya unyevu na harufu haraka. Zikipakiwa pamoja na sabuni au viungo, mteja wa mwisho atakunywa kahawa yenye harufu ya sabuni.