Tata Raphaël, padri aliyeijengea Kinshasa viwanja vya mpira

Kindu – Wapenzi wa Maniema Union wanajua uchungu wa kukosa kiwanja. Mwaka 2024 timu yao iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, lakini ilipokea wageni Kinshasa, si Kindu. Huko Kinshasa, padri mmoja alishughulikia shida ya viwanja tangu zamani.

Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut aliyezaliwa mwaka 1890, alifika Congo mwaka 1917. Alifungua shule na kuwaingiza vijana katika michezo. Alijenga kiwanja cha Reine Astrid mwaka 1937, kisha kile kikubwa cha Roi Baudouin, kilichofunguliwa mwaka 1952. Alifariki mwaka 1956.

Tarehe 4 Januari 1959, watazamaji waliotoka Roi Baudouin walijiunga na wafuasi wa ABAKO waliokatazwa kufanya mkutano. Machafuko yakazuka, watu wengi wakauawa. Mwaka uliofuata Congo ikapata uhuru.

Baadaye kiwanja kiliitwa 20 Mei, na hapo Ali alimshinda Foreman mwaka 1974. Mobutu alipoanguka, kikapewa jina la padri: Tata Raphaël. Jina la mfalme lilifutika, la mwalimu limebaki.