Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuatilia siri ya taya zilizovimba

Mtoto anayefikishwa hospitalini Kisangani akiwa na taya inayovimba kwa kasi huenda ana saratani inayobeba jina la daktari mmoja: Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, lakini alisomea udaktari Dublin na mwaka 1946 akafika Uganda kama daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye Burkitt alimkuta mwingine Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000 hivi, wakipita hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kuwa ugonjwa huo unafuata maeneo yenye joto, mvua na malaria. Kisangani, jirani na ikweta, ina vyote vitatu.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege London kwa Anthony Epstein, ambaye kwa takriban miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege. Seli za kipande hicho zilioteshwa maabara, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi cha Epstein-Barr.

Nyama huanza kuharibika mara tu inapotoka mwilini. Kwa hadubini ya elektroni, hukatwa vipande vya milimita 1 hivi na kutiwa kwenye glutaraldehaidi, dawa inayotunzwa kwenye friji kwa nyuzijoto 4 hivi, kwani joto huidhoofisha. Osmiamu hukaa kwenye chupa ya kioo iliyozibwa, mahali pa baridi na peke yake, maana mvuke wake huumiza macho. Formalini ya hadubini ya kawaida ni kinyume: ikiwekwa kwenye baridi hufanya mashapo meupe. Kwa hiyo maabara inayokatikiwa umeme ina hasara hata kama kabati limejaa dawa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akapata umaarufu mwingine kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, na kufariki Machi 1993. Saratani aliyoieleza hukua haraka mno, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahiwa. Kuwahiwa huko huanza na kipande cha nyama kilichohifadhiwa vizuri.