George Washington Carver, Mwalimu wa Udongo Uliochoka

Wazee wa Nachingwea bado wanautaja mradi wa karanga wa Waingereza: matrekta, reli ya kutoka pwani, misitu iliyofyekwa ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mradi ulianza mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951. Miaka minne kabla haujaanza, alifariki huko Marekani mtu aliyetumia karibu nusu karne kuhimiza kilimo cha karanga, kunde na viazi vitamu kwa mboji na zana za mkulima maskini. Jina lake George Washington Carver. Wengi tumemsikia kama mtu aliyevumbua siagi ya karanga. Hakuivumbua, siagi hiyo ilikuwapo kabla yake. Kazi yake kubwa ilihusu rutuba, na rutuba hiyo hutengenezwa na viumbe wadogo ambao hata leo wako kazini chini ya mbaazi zetu.

Alizaliwa utumwani karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Mwaka kamili hakuujua hata mwenyewe. Akiwa bado mchanga, majambazi walimteka pamoja na mama yake, Mary. Bwana wao, Moses Carver, alituma mtu awafuatilie. Mtoto alipatikana, na farasi mmoja akatolewa kama malipo. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipofutwa, Moses na mkewe Susan waliendelea kumlea kijana huyo. Mwili wake ulikuwa dhaifu kwa kazi za shamba, hivyo alishinda jikoni na bustanini, na majirani wakazoea kumletea mimea iliyonyauka ili aitibu.

Shule ya jirani haikupokea watoto weusi. Akiwa na umri wa miaka 11 au 12 alikwenda mji wa Neosho, akapokewa na Mama Mariah Watkins, mkunga na dobi, aliyemlaza, akamlisha na kumzoesha Biblia. Baadaye alihamia Kansas. Huko chuo kimoja kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana rangi yake, alikataliwa mlangoni. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, kusomea uchoraji na muziki. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi anavyochora mimea, akamshauri asomee mimea yenyewe. Mwaka uliofuata alihamia chuo cha kilimo huko Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896, akiwa bingwa wa kuvu wanaougua mimea.

Alikuwa na bahati ya kusoma wakati ule. Kwa karne nyingi wakulima walijua kwamba jamii ya kunde hurudisha nguvu shambani, lakini hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba siri imo katika vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Kwa hiyo Carver alipokuwa darasani Ames, jambo hili lilikuwa jipya kabisa.

Tulieleze kidogo, maana ndilo kiini cha maisha yake. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Chembe zake zimeshikana wawili wawili kwa nguvu sana. Bakteria wa vinunduni wana kimeng'enya kinachoweza kuvunja mshiko huo na kuigeuza naitrojeni kuwa chakula cha mmea. Kazi hiyo inakula nguvu nyingi, na bakteria hawana jua huko chini ardhini. Nguvu inatoka kwenye majani. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kingine, rubisko, kinachoshika hewa ukaa ili sukari itengenezwe kwa nguvu ya jua. Rubisko ni mvivu: kimoja hushika chembe chache tu kwa sekunde, na ndiyo maana jani hulazimika kuwa nacho kwa wingi mno. Nacho kimejengwa kwa naitrojeni. Basi jani linapeleka sukari chini, kinundu kinapandisha naitrojeni juu. Naitrojeni ikikosekana, rubisko inapungua, na hata hewa ukaa haishikwi vizuri. Ndugu zetu wa Ruangwa wanaochimba kinywe wanashika mkononi kaboni tupu, na wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya kinywe cha namna hiyo ilitokana na mabaki ya viumbe wa kale sana, yaliyofukiwa na kupikwa na joto la ardhi. Huo ndio mzunguko wenyewe: kuna kaboni inayorudi hewani msimu huu huu, na kuna inayolala katika mwamba kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita Carver katika taasisi ya Tuskegee, jimbo la Alabama, kuongoza idara ya kilimo. Alichokuta kilisikitisha. Pamba ilikuwa imelimwa juu ya pamba mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukabaki mchanga na makorongo. Wakulima weusi, waliotoka utumwani au wazazi wao, walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na mwisho wa msimu walibaki na deni. Mbolea ya dukani hawakuimudu. Carver aliwaambia wakusanye majani ya msituni na tope la vinamasi watengeneze mboji, kisha wapumzishe pamba kwa kupanda kunde. Mwaka 1903 alitoa kijitabu kuhusu kunde, na mwaka 1906 lilianza gari la kukokotwa na wanyama lililopeleka mafunzo vijijini kwa wasioweza kufika shuleni.

Pamba hiyo ilifika hata kwetu, kwa njia ya uchungu. Wahitimu wa Tuskegee walipelekwa Togo mwaka 1901 kuisaidia serikali ya Wajerumani kukuza pamba. Wajerumani hao hao walilazimisha zao hilo huku Kusini, na mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikaanzia Umatumbi. Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa mwaka huo karibu na Liwale. Carver mwenyewe hakwenda Togo. Lakini inafaa tukumbuke kwamba zao moja linaweza kuchosha udongo na watu kwa pamoja.

Tatizo lililomkabili baadaye linajulikana sana na mkulima wa mbaazi wa Nachingwea. Mkulima hali naitrojeni. Akipanda zao linalonufaisha shamba na asipate wa kulinunua, msimu ujao ataliacha. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei iliporomoka, na mashamba yakakosa rafiki pamoja na mkulima kukosa fedha. Carver alijibu kwa kubuni matumizi. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kutayarisha karanga kwa chakula, na mwaka 1921 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea ushuru wa karanga. Walimpa dakika chache, wakaishia kumwongezea muda. Hapo ndipo umaarufu wake ulipoanza. Kwa maoni yangu umaarufu huo ulimfunika. Bidhaa zake nyingi hazikufika sokoni, na nyingine hakuacha maandishi ya jinsi ya kuzitengeneza. Alikuwa pia msimamizi mbaya wa ofisi, akigombana na Washington kuhusu banda la kuku na maabara. Vijitabu vyake vya senti chache vilifaa watu zaidi ya orodha ya bidhaa.

Hakuwa Mkatoliki, lakini maisha yake yangeeleweka katika nyumba yoyote ya malezi. Aliamka kabla ya alfajiri, akaenda msituni kusali na kukusanya mimea. Hakuoa. Kwa miaka mingi aliwafundisha wanafunzi Biblia jioni za Jumapili. Alivaa suti ile ile iliyochakaa, na ua kifuani. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Washington, akiiachia kazi ya utafiti akiba yake ya takriban dola 60,000.

Mwaka 1947 mambo mawili yalitokea asiyoyaona. Watafiti wa Marekani, Sam Wildman na James Bonner, waligundua protini moja iliyojaa katika majani bila kujua kazi yake. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa rubisko. Na huku kwetu matrekta yakaanza kufyeka msitu, kwa lengo la ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Nachingwea ulikuwa bora na mvua ilikuwa ya uhakika zaidi, ila kufyeka kuligharimu mno na bandari ilikuwa bado inajengwa. Pauni milioni 36 zikapotea.

Anayetaka kuwaona bakteria wa Carver hahitaji maabara. Masika yakiwa yamekolea, chimba polepole mche wa kunde au karanga, usiung'oe kwa nguvu, kwa sababu vinundu hubaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu cha waridi, kazi inaendelea. Rangi hiyo inatoka kwa protini iliyo ndugu wa ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi. Na majani yakibebwa yote na kuchomwa baada ya kuvuna, naitrojeni kubwa iliyokuwa ndani yake inarudi hewani kwa moshi.