Krapf na Thamani ya Lugha za Kigeni

Mzazi wa Kianjokoma akisikia mwanawe ameitwa chuoni kusomea lugha na fasihi za kigeni, huuliza atakula nini. Swali hilo ni la haki. Lakini na tumkumbuke Johann Ludwig Krapf.

Mwana huyo wa mkulima alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akasomea Basel na Tübingen. Alifika Mombasa mwaka 1844 kueneza dini, na mwaka huo huo akafiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Licha ya msiba huo, hakuacha kujifunza Kiswahili. Mwaka 1849, huko Ukambani, mtu wa Uembu alimsimulia habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni. Kisha akauona mwenyewe. Baadhi ya wasomi wa Ulaya walikanusha kuwapo kwa theluji, kumbe mwenyeji alisema kweli.

Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850; kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa.

Lugha hazikumtajirisha Krapf, bali zilimwezesha kusikiliza pale wasomi walipobisha. Walimu wenzangu, tusiwavunje moyo vijana wenye kipawa hicho.